Moduli ya ABS imeingia lakini taa haizimi: namna ya kujua kama softwea haipatani na gari

Hii naiandikia mafundi wenzangu wa hapa Malindi, na pia wenye magari waliochoka kuambiwa "nunua pampu ingine". Mambo huwa hivi: gari ni mtumba wa Japani, imekaa pwani miaka, chumvi ya bahari imefanya kazi yake, moduli ya ABS (kompyuta ya mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki ghafla) ikafa, ikatafutwa nyengine iliyotumika, Mombasa au Nairobi kule Kirinyaga Road, bolti zikaingia, konekta ikaingia vizuri kabisa, mafuta ya breki yakatiwa na hewa ikatolewa, halafu ukiwasha switchi taa ya ABS iko pale pale na saa nyengine imeongeza ya VSC (ile ya kuzuia gari isiteleze kwenye kona) na ile nyekundu ya breki. Hapo ndo pesa za watu zinaanza kupotea, maana kinachofuata ni kusema spea ilikuwa mbovu, inatafutwa ya pili, ya tatu, na mara nyingi zote ni nzima ila programu iliyo ndani, yaani softwea, si ya gari hiyo.

Konekta kuingia si ushahidi wa kitu. Kiwanda kinatumia plagi moja kwenye magari mengi, kinachobadilika ni programu. Moduli inakaa juu ya pampu yenyewe, inasikiliza sensa nne za magurudumu na kufungua na kufunga valvu mara nyingi kwa sekunde moja, na ili ifanye hivyo lazima ijue gari ni nzito kiasi gani, ringi ya sensa (ile pete inayozunguka na gurudumu) ina meno mangapi, inavuta kwa magurudumu mawili au manne, gia ni ya otomatiki au ya mkono. ABS ya Bosch ilipoingia sokoni 1978 kwenye Mercedes S-Class ilikuwa inafanya kazi yake peke yake, sensa, kompyuta, valvu, basi. Gari ya leo moduli hiyo inaongea na injini, na dashibodi, na sensa ya usukani, na ikiwa mmoja wao hatambui lugha ya mwenzake taa inawaka hata kama hakuna waya uliokatika.

Kabla ya yote, usalama. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, kilichoondoka ni ule msaada wa kuzuia tairi zisifunge. Lakini ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki na mafuta yako sawa na hendibreki iko chini, mara nyingi mgao wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umeondoka, maana yake tairi za nyuma zinaweza kufunga kwanza na gari ikageuka, na kwenye mvua kati ya Malindi na Kilifi huku lori liko nyuma yako hiyo ni ajali. Gari kama hiyo isibebe abiria mpaka itengenezwe. Na mteja akikwambia "ami, si ni taa tu, ikate hiyo waya" au akitaka uiunge na taa ya oili izime pamoja nayo, mkatalie kwa heshima umueleze kwa nini. Nimeona gari zimefanyiwa hivyo na mwenye kununua hana habari, anajua ana ABS, kumbe hana.

Hatua ya 1: umeme kwanza, softwea baadaye

Najua unataka kuchomeka skana, kile kifaa cha kusoma moduli, mara moja. Subiri. Moduli ikikosa volti za kutosha inaandika kodi (namba za hitilafu) za ajabu ambazo zinafanana sana na za softwea, na zinakupotezea siku nzima.

Pima betri gari ikiwa imelala, iwe karibu 12.6, ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza usiendelee. Washa injini, alteneta itoe kama 13.8 mpaka 14.5. Kisha nenda kwenye fyuzi za ABS, na uelewe kwamba si moja, kawaida kuna kubwa ya mota ya pampu na nyengine ya valvu, kwa Toyota ndogo nyingi ni 50A na 30A ziko kwenye boksi la injini, halafu kuna ndogo ya switchi ndani. Mtu anaangalia ile ndogo anaona nzima anasema fyuzi ziko sawa. Hapana, pima zote tena kwa multimita pande zote mbili za fyuzi ikiwa mahali pake, usiangalie kwa macho.

Athi, yaani ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, ndo inayosahaulika zaidi. Kupima ohm za waya wa athi hakutoshi, waya ambao umebaki uzi mmoja utakuonyesha ohm sifuri lakini ukiubebesha mzigo unakufa. Tafuta taa ya indiketa ya 21W, iunge kati ya pini ya moto (chanya) ya moduli na pini ya athi kwenye konekta yenyewe, iwake kwa nguvu, na ikiwa inawaka pima volti kati ya athi ya konekta na kichwa cha hasi cha betri. Ikizidi volti 0.2 athi yako ni mbovu, fuata waya mpaka kwenye bodi utakuta bolti imeoza.

Na konekta ufungue uiangalie na tochi. Gari za Gongoni na Marereni, kule kwenye chumvi, na zile zinazokaa Mokowe karibu na jeti zikisubiri watu wa Lamu, pini zake nazikuta zimeota kijani. Hiyo kijani inapitisha umeme nusu nusu. Safisha kwa spirei ya konekta na brashi laini, usikwangue kwa msasa maana unaondoa ile ngozi nyembamba ya madini inayoilinda pini na mwezi ujao itaoza zaidi, halafu hakikisha ile raba ya kuzuia maji ipo, ikiwa haipo hapo ndo maji yanapoingilia.

Hatua ya 2: skani moduli zote, na usifute kitu

Ile skana ya bei rahisi ya bluetuthi ambayo kila mtu anayo kwenye simu, nyingi zinasoma injini tu. Ukiambiwa "hakuna kodi" na taa ya ABS inawaka, skana haijafika kwenye ABS. Unahitaji skana inayojua lugha ya kiwanda, au programu yenyewe, Techstream kwa Toyota, Consult kwa Nissan, VCDS au ODIS kwa Volkswagen na Audi.

Toyota za Japani zina njia nyengine ya zamani ambayo bado inasaidia ukiwa huna kitu. Kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, unaunga pini ya 13 na ya 4 kwa kipande cha waya, unawasha switchi, na taa ya ABS inamweka kodi. Hakikisha umehesabu pini vizuri, maana ya 16 ni moto wa betri na ukiiunga na ya 4 umeleta shoti.

Sasa, skani gari nzima, si ABS pekee. Injini, gia, usukani, dashibodi, mito ya hewa, zote. Piga picha kila ukurasa. Usifute chochote, maana mafundi wengi wanafuta kwanza ili "waone zinazorudi" na hapo wamefuta ushahidi, kodi ikifutwa inaondoka na ile rekodi ya volti na mwendo gari iliokuwa nayo wakati shida inatokea, na nyengine hazirudi mpaka gari itembee zaidi ya kilomita 20 kwa saa.

Hatua ya 3: nani anamlalamikia nani

Hapa ndo penye kazi yenyewe, soma polepole.

Kodi zinazoanza na C ni za breki na miguu ya gari. Zinazoanza na U ni za mawasiliano kati ya moduli. Ukitafuta softwea isiyopatana utatumia muda mwingi kwenye U, lakini si kila U ni softwea, na kosa la kawaida ni kuzichanganya.

U0121 maana yake moduli fulani inasema haimsikii ABS kabisa. Ukiipata kwenye injini na dashibodi, na skana yako nayo inashindwa kuingia kwenye ABS, hiyo si softwea. Hiyo ni umeme, athi, waya wa mtandao (zile waya mbili ambazo moduli zinaongelea), au moduli imekufa. Rudi hatua ya 1.

U0415 ni tofauti kabisa. Hapo mwenzake anamsikia ABS vizuri, lakini anachosikia hakina maana kwake. Mfano injini inasubiri mwendo wa gari uje kwa mpangilio fulani, unakuja kwa mwengine. Ukiikuta hii na skana inaingia kwenye ABS bila shida, na umeme umeshaupima, sasa unaweza kuanza kushuku programu. Kinyume chake ni U0401, hapo anayelalamika kawaida ni ABS kwamba data ya injini haieleweki, na hii unaikuta sana gari ikibadilishwa injini au kompyuta ya injini halafu watu wanaanza kuifungua pampu ya breki ambayo haijafanya kosa lolote.

Halafu kuna zile zinazosema wazi. U0300 ni moduli inajisema yenyewe kwamba softwea ya ndani haipatani. U0315 ni moduli nyengine inasema softwea ya ABS haipatani na yake. U0301 inaelekeza kwa kompyuta ya injini. Ukiona moja ya hizi, angalia imeandikwa kwenye moduli gani, maana U0315 haikai ndani ya ABS, inakaa kwa anayelalamika, na ukiskani ABS peke yake hutaiona. Ndo maana nasema skani zote.

Si kila kampuni inatumia hizo za U. Volkswagen na Audi wana 01042, maana yake moduli haijawekewa setingi zake. Nissan wana C1170, hapo setingi ya aina ya gari iliyo kwenye ABS haifanani na gari yenyewe. Toyota wana C1210 na C1336, ambazo zinasema sensa ya kupima mzunguko wa gari na ile ya kupima mwendo kuongezeka au kupungua hazijawekwa sifuri. Hizi mbili za Toyota nazitaja kwa nguvu kwa sababu zimetupisha moduli nyingi nzima. Fundi anafunga moduli sahihi kabisa, namba inafanana, anawasha, anaona C1210, anasema mbovu, anairudisha. Hiyo kodi haisemi kitu kimeharibika, inasema bado hujamaliza kazi.

C1241 ukiikuta popote hapo kati, simama. Ni volti ndogo. Na C0200, C0205, C0210, C0215 ni saketi za sensa za magurudumu, mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, tutazirudia mbele.

Hatua ya 4: mtandao wenyewe, haraka haraka

Ondoa kichwa cha betri, subiri dakika chache moduli zilale, chukua multimita kwenye ohm, pima pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya skana. Unataka karibu 60. Ni rezista mbili za 120 ambazo ziko kila mwisho wa laini, zikisomwa pamoja zinatoa 60. Ukipata 120 upande mmoja umekatika au moduli yenye rezista haijaungwa, kwa Toyota nyingi rezista hizo ziko kwenye kompyuta ya injini na kwenye dashibodi. Ukipata karibu na sifuri waya mbili zimegusana mahali. Gari mpya zaidi zenye getiwei (moduli inayokaa kati ya soketi na mtandao) zinaweza kukupa namba nyengine hapo kwenye soketi, kwa hizo itabidi upime nyuma ya getiwei. Ikiwa 60 iko sawa na skana inaongea na ABS, achana na waya, endelea.

Hatua ya 5: namba ndo mahakama

Kama ungesoma hatua moja tu ningependa iwe hii. Softwea isiyopatana haithibitishwi kwa kubahatisha wala kwa "gari kama hii niliitengeneza hivi". Inathibitishwa kwa namba tatu au nne ukiziweka kando kwa kando.

Anza na namba ya chesisi ya gari. Gari za soko la Japani hazina ile namba ya herufi 17 ya Ulaya na Marekani, zina namba ya fremu, mfano NCP51 kistari halafu tarakimu. Hizo herufi za mwanzo ndo zenye siri. Probox NCP51 na NCP55 zote ni za injini ya 1500cc, kwa macho ni gari moja, lakini 51 inavuta kwa magurudumu mawili na 55 ni 4WD. Fielder NZE141 na NZE144 ni hivyo hivyo. Na gari ya 4WD ABS yake inafikiria tofauti, kwa sababu magurudumu yote manne yameungana yanaweza kuteleza kwa pamoja na moduli ikadanganyika kwamba gari imesimama, kwa hivyo inahitaji sensa ya kupima gari inavyopunguza mwendo. Ukifunga moduli inayoitegemea sensa hiyo kwenye gari isiyokuwa nayo, inaitafuta inaikosa, na kwa Toyota unapata kodi kama C1244 ambayo hakuna waya utakaoutengeneza ikaisha, maana kitu chenyewe hakikufungwa kiwandani.

Chukua namba ya fremu uiweke kwenye katalogi ya spea ya kampuni, zipo mtandaoni, ikupe namba ya moduli ya gari hiyo. Toyota pampu nzima na moduli yake utaikuta chini ya 44050, na ile iliyo kompyuta peke yake 89541. Nissan 47660. Volkswagen za familia ya Golf ya tano moduli ni 1K0 907 379 na pampu 1K0 614 517, halafu herufi za mwisho ambazo watu wanazipuuza na ndo zenye tofauti. Katalogi nyingi zinaonyesha pia kama namba ya zamani imebadilishwa na mpya, hiyo ni sawa kuitumia, lakini kwa mwelekeo huo tu, mpya mahali pa ya zamani, usigeuze bila kuangalia.

Namba ya pili ni ya stika iliyo kwenye moduli unayoifunga. Isome kabla hujaifunga, piga picha, maana ikishakaa kwenye chumba cha injini huioni tena. Ikiwa unanunua kwa simu kutoka Nairobi mwambie muuzaji akutumie picha ya stika na ya konekta, na akwambie imetoka kwenye chesisi gani. Akikataa kutuma picha usitume pesa. Na ile moduli ya zamani uliyoitoa usiitupe, stika yake inakwambia kilichokuwepo gari ilipokuwa nzima, isipokuwa kama nayo ilishabadilishwa huko nyuma.

Namba ya tatu iko ndani ya moduli na inasomwa kwa skana. Kwenye menyu tafuta taarifa za moduli, utaona namba ya spea, namba ya hadwea (kifaa chenyewe), namba ya softwea, na kwenye gari nyingi namba ya gari. Kwa anayependa kuingia ndani zaidi na skana inayokubali kuandika amri, gari zinazofuata ISO 14229, kanuni ya namna skana inavyoongea na moduli, zinaweza kusomwa kwa amri ya 22, F187 ni namba ya spea, F188 namba ya softwea, F191 hadwea, F190 namba ya gari. Toyota nyingi za mtandao wa CAN (ule wa waya mbili), ABS yake iko anwani 7B0 na inajibu kwa 7B8. Hapo utakutana na mambo ambayo stika haiyasemi. Ukikuta stika na namba ya ndani hazifanani, ujue moduli ilishafunguliwa au kuflashiwa (kuandikiwa softwea upya) na mtu. Ukikuta namba ya gari iliyo ndani si ya gari hii, hiyo ni spea ya mtumba ambayo haijahamishwa.

Andika hizi namba kwenye karatasi moja, chesisi inataka nini, stika inasema nini, ndani kuna nini. Zikifanana zote na taa bado inawaka, shida si softwea na usikubali mtu akurudishe huko, labda setingi na kalibresheni (kuweka sensa sifuri) ndo bado. Hadwea ikiwa tofauti, hakuna programu itakayoisaidia, tafuta spea sahihi. Hadwea sawa na softwea tofauti, hapo sasa kuna cha kufanya.

Hatua ya 6: wanaojifanya softwea

Kabla hujalipia mtu wa kuflashi, toa hawa njiani.

Ringi ya meno na beringi. Habu nyingi za sasa hazina meno ya chuma, zina sumaku iliyo kwenye sili ya beringi, upande mmoja tu. Beringi ikifungwa kinyume sensa haioni kitu, unapata C0200 au mwenzake na kila mtu analaumu moduli mpya kwa sababu kazi zote mbili zilifanywa siku moja. Ikiwa ringi ni ya gari nyengine, mfano moduli inasubiri meno 44 na umefunga 48, gurudumu hilo litasoma zaidi kwa asilimia 9, wenzake wako 40 lenyewe liko karibu 44. Fungua data laivu (namba za sensa skana inavyozisoma gari ikitembea), mtu mwengine aendeshe, uangalie magurudumu manne kwa pamoja. Tofauti ikiwa ni ile ile kwa asilimia kila mwendo, ni meno au tairi. Ikiwa inaruka ruka ni waya, uchafu, au sensa.

Tairi nazo. 195/65R15 mbele na 185/65R15 nyuma zinaachana kipenyo milimita 13, kama asilimia 2, moduli nyingi zinavumilia, lakini ukichanganya zaidi ya hapo na moja imeisha na nyengine mpya unajitafutia taa.

Sensa zenyewe kuna za aina mbili. Za zamani ni koili, unapima ohm unapata kitu kati ya 800 na 2000 hivi. Za sasa zinakula umeme kutoka kwa moduli na hazipimwi kwa ohm kabisa, ukizipima hivyo unajidanganya, na gari ya sensa za aina moja ukiifungia moduli inayotaka aina nyengine utapata kodi za sensa zote nne mara moja. Zote nne kwa pamoja ni dalili kubwa, sensa nne hazifi siku moja.

Hatua ya 7: kurekebisha

Ikiwa ni setingi tu, kama 01042 au C1170, inaandikwa kwa programu ya kampuni ndani ya dakika chache, ukiwa umesoma setingi ya moduli ya zamani ukaihifadhi kama bado inaongea. Toyota nyingi za miaka tunazozitumia hapa hazina setingi ya ABS ya kuandika, namba ya spea ndo setingi yenyewe, kwa hivyo anayekwambia ataikodia Probox yako ABS muulize anaandika nini na wapi.

Ikiwa ni C1210 au C1336, simamisha gari mahali tambarare kweli, usukani umenyooka, injini imezimwa, switchi imewashwa, mtu asiingie wala kutoka, futa kumbukumbu ya zamani na uweke sifuri kwa Techstream. Gari ikitikisika katikati inakataa, unarudia. Baada ya kubadilisha moduli ya gari yenye VSC hii ni lazima.

Ikiwa hadwea ni sawa na softwea ni tofauti, kuflashi kunawezekana kwa baadhi ya kampuni kwa faili ya kampuni na kifaa cha kupitisha kinachokubalika. Hapa nasisitiza umeme tena, weka chaja nzuri inayoshikilia volti 13 na zaidi muda wote, zima feni, taa, redio, usiguse mlango. Stima ikipotea katikati, na Malindi tunajua inavyopotea, moduli inaweza kufa pale pale. Anza betri ikiwa imejaa, ili hata chaja ikizima betri ikufikishe mwisho. Faili uliyopewa na mtu kwenye simu bila kujua imetoka wapi usiiandike kwenye breki za mtu.

Njia ninayoipenda zaidi, pale gari inaporuhusu, ni kurudi kwa moduli ya asili. Pampu nyingi kompyuta inatoka kwa skrubu bila kugusa mafuta ya breki. Ikiwa iliyokufa ni mota au valvu, chukua pampu ya mtumba ya namba inayolingana, funga kompyuta yako ya zamani juu yake, programu inabaki ile ile ya kiwandani na hakuna kinachogombana. Ikiwa iliyokufa ni kompyuta, mara nyingi ni solda zilizopasuka na wanaozitengeneza wapo.

Ukigusa mabomba ya mafuta, toa hewa kwa utaratibu wa gari hiyo, nyengine zinataka skana iendeshe pampu ndo hewa iliyojificha itoke. Na mafuta yawe mapya kutoka chupa iliyofungwa, unyevu wa pwani unaingia ndani ya mafuta ya breki, DOT 3 ikiwa kavu inachemka nyuzi 205 na ikishajaa unyevu inashuka mpaka 140.

Hatua ya 8: kujaribu

Futa kodi sasa. Endesha polepole upite kilomita 20 kwa saa, nyengine utasikia pampu inajijaribu kwa sauti fupi, hiyo ni kawaida. Angalia data laivu magurudumu yote yaende pamoja. Halafu tafuta kipande kitupu, asubuhi na mapema upande wa Kakoneni pana nafasi, au uwanja wa mchanga mgumu usio na watu, uende 40 ukanyage kwa nguvu. Pedali itetemeke, gari inyooke, usukani ukubali kugeuka. Usijaribu kwenye barabara ya mjini penye tuktuk na boda. Ukirudi gereji skani moduli zote tena kama mwanzo, ulinganishe na zile picha, na U0415 au U0315 zisiwepo hata kama za zamani.

Ile karatasi ya namba mpe mwenye gari aiweke pamoja na logibuku, ukiandika moduli iliyomo sasa, softwea yake na tarehe, maana fundi atakayeifungua gari hiyo baadaye ataingiza chesisi kwenye katalogi na kupata namba ya kiwandani, na bila karatasi hiyo hatajua kilichofungwa.